Maswali ya Wasomaji: Debaga Inasoma Faili Lipi?

Mwezi huu barua nyingi zimehusu debaga, yaani programu ya kusimamisha programu nyingine na kuikagua ili kutafuta kosa, hasa iitwayo GDB, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mistari ninayoionyeshwa inatoka wapi, na mbona mingine siioni? Nimechagua nne. Ya pili nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu jambo lake liliwahi kunigharimu siku nzima ya kazi, na waliopata hasara siku ile hawakuwa mimi.

SWALI. Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, niko Morogoro. Tumeanza lugha ya C na tumeambiwa tutumie GDB kwenye teminali. Nimeandika programu ya kukokotoa wastani wa alama za darasa. Faili linaitwa alama.c, lina mistari 42. Nikiandika `list` napata mistari kumi, nikirudia napata mingine kumi, kisha naambiwa: *Line number 43 out of range; "alama.c" has 42 lines.* Hapo nakwama, sijui kurudi juu. Inabidi nifunge GDB niifungue upya. Wenzangu wananiambia niachane nayo nitumie programu yenye madirisha. Nifanyeje? — Mwanafunzi, Morogoro

JIBU. Marahaba mwanangu. Usiifunge tena GDB kwa sababu hiyo. Andika `list 1` utarudi mwanzo.

Amri ya `list` ina kumbukumbu. Ukiiita bila kuiambia kitu, inaendelea pale ilipoachia, kama msomaji aliyeweka kidole kwenye mstari. Kidole chako kilifika mstari wa 42, hakuna wa 43, ikakwambia hivyo. Haijaharibika. Ukitaka irudi nyuma hatua moja, andika `list -`, nayo itakupa mistari kumi iliyo kabla ya ile iliyoonyeshwa mwisho. Na huna haja ya kuandika neno zima, `l` inatosha. Ukishaandika mara moja, bonyeza Enter tu na itaendelea mbele.

Ukitaja namba, jua kwamba inawekwa katikati. `list 25` haianzi na 25, inakuletea 20 hadi 29. Vijana ninaowafundisha jioni hapa nyumbani Tabata wote hushtuka mara ya kwanza, wanadhani wamekosea kuhesabu. Ukitaka kuanzia 25 hasa, weka mkato mbele yake: `list 25,`. Ukitaka mistari kumi inayoishia 25, mkato unatangulia: `list ,25`. Na ukitaka kipande maalumu, taja ncha zote mbili: `list 10,20`.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni `list wastani`, yaani jina la fankisheni badala ya namba. Leo fankisheni yako iko mstari wa 19. Kesho utaongeza maelezo juu, itahamia 24. Jina halihami. Nimeona watu wazima, wenye miaka kumi kazini, wakiwa na karatasi yenye namba za mistari kando ya kibodi. Siku faili linapobadilika karatasi yote inakuwa haina maana.

Sasa weka kituo, yaani mstari ambapo programu itasimama, na uiendeshe programu:

break 27
run
list

Hapa `list` haitaanzia pale kidole kilipokuwa, itakuonyesha mistari inayouzunguka ule programu iliposimama. Na hapa kuna jambo ambalo naomba ulishike vizuri sana: mstari unaoonyeshwa programu inaposimama bado haujatekelezwa. Ukisimama kwenye `jumla = jumla + alama[i];` kwa mara ya kwanza, halafu ukaandika `print jumla`, utapata 0. Usianze kutafuta kosa. Hesabu hiyo haijafanyika bado, ndiyo inayofuata. Andika `next`, inayotekeleza mstari mmoja, kisha `print jumla` tena.

Ukishasoma mbele kwa Enter tatu nne na ukataka kurudi pale programu iliposimama, andika `frame` kisha `list`. Kwa wenye GDB toleo la 14, lililotoka mwishoni mwa 2023, au jipya kuliko hilo, kuna njia fupi: `list .` yenye nukta. Na kama mistari kumi ni michache kwako, `set listsize 20`.

Kuhusu madirisha: hata ndani ya GDB yenyewe yamo. Andika `layout src` na msimbo utakaa juu ya skrini muda wote, mstari wa sasa ukiwa umewekewa alama. Bonyeza Ctrl na x pamoja, kisha a, dirisha linaondoka. Programu yako ikichapa maneno na skrini ikavurugika, Ctrl na L huisafisha. Ila ushauri wangu ni kwamba ukae na `list` tupu angalau muhula huu mmoja. Siku utakapoitwa usiku kurekebisha seva iliyo mbali, kupitia mtandao unaokatikakatika, utakachokuwa nacho ni mistari kumi na kibodi. Nataka siku hiyo isikukute mgeni.

SWALI. Assalaam aleikum mwalimu. Nafanya kazi Mombasa, ofisi ya kusafirisha mizigo. Mwenzangu aliandika programu ya kuhesabu makontena kwa C++, akaikompaili kwenye laptopu yake kwa -g kama inavyotakiwa, kisha akaipeleka kwenye seva. Juzi ikaanguka. Nikaifungua kwa GDB kwenye seva, nikaandika `bt` kuona ilikoangukia, ikaniambia imeanguka kwenye mizigo.cpp mstari wa 88. Nikaandika `list`, nikajibiwa: *88 mizigo.cpp: No such file or directory.* Jina la faili yalijua, namba ya mstari yaijua. Mbona mstari wenyewe haiujui? — Msomaji, Mombasa

JIBU. Waaleikum salaam ndugu yangu. Swali lako ndilo ambalo kila anayetumia debaga angelipaswa kuliuliza siku ya kwanza, na wengi hawaulizi kwa sababu kompyuta yao haijawahi kuwakatalia.

Msimbo wako haumo ndani ya programu. Unapokompaili kwa -g, kompaila, yaani programu inayougeuza msimbo kuwa amri za mashine, haiweki maneno uliyoyaandika ndani ya faili inalolitoa. Inachoweka ni jedwali. Jedwali hilo, ambalo kwenye Linux huandikwa kwa mpangilio uitwao DWARF, linasema: amri ya mashine iliyo kwenye anwani fulani ilitokana na faili fulani, folda fulani, mstari fulani. Basi. Ni kama hati ya kiwanja. Hati inakwambia kitalu, namba na mipaka, lakini udongo haumo kwenye karatasi. Ukitaka kuuona udongo lazima uende kiwanjani.

Ndivyo GDB inavyofanya ukiandika `list`. Inasoma jedwali, inapata jina la faili, kisha inakwenda kulifungua faili hilo kwenye diski ya kompyuta uliyopo. Kwenye laptopu ya mwenzio lipo. Kwenye seva yenu halipo.

Kwanza iulize inatafuta wapi:

info source

Kati ya majibu utaona folda ambamo programu ilikompailiwa. Tuseme ni /home/kazi/mizigo. Peleka msimbo kwenye seva, mathalani ndani ya /opt/mizigo, kisha iambie GDB:

set substitute-path /home/kazi/mizigo /opt/mizigo

Maana yake: kila hati inaposema /home/kazi/mizigo, wewe nenda /opt/mizigo. Ndiyo ninayoipendekeza kwako, kwa sababu mradi wenye folda nyingi ndani hubaki na mpangilio wake. Ipo pia amri ya `directory /opt/mizigo`, inayoongeza mahali pa kutafutia. Hiyo inatosha kwa mafaili machache yaliyo folda moja. Ukishaona inafanya kazi, andika mstari huo ndani ya faili la .gdbinit, ambalo GDB hulisoma inapoanza, ili usiuandike kila siku.

Ningeweza kuishia hapo, maana tatizo lako litakuwa limekwisha. Lakini nina hofu na hatua utakayochukua baada ya hapo. Utamwomba mwenzio akutumie msimbo. Naye atakutumia ulio kwenye laptopu yake leo. Programu iliyoanguka aliikompaili lini?

Nikueleze kilichonipata. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Mtwara msimu wa korosho, tukihudumia programu iliyosoma mizani ghalani. Mkulima analeta magunia, mizani inatoa uzito, programu inapunguza uzito wa gunia tupu, kisha inachapa stakabadhi. Asubuhi moja mzee mmoja akaja na stakabadhi yake mkononi na kipande cha karatasi alichoandikia hesabu zake mwenyewe kwa kalamu. Alikuwa amepungukiwa kilo moja kwa kila gunia. Hakupiga kelele. Aliniwekea karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akakaa kwenye benchi kusubiri.

Nikafungua GDB. Nikaandika `list` na jina la fankisheni inayokokotoa uzito halisi. Nikaisoma. Ilikuwa sahihi kabisa: uzito wa gunia unatolewa mara moja, mstari mmoja, hauna utata. Nikaweka kituo, nikapima gunia, nikachapa vigeu. Jibu likatoka pungufu. Nikasoma mistari tena. Sahihi. Nikapima tena. Pungufu.

Kwa kuwa msimbo niliokuwa nikiuona ulikuwa safi, nikahukumu kwamba mizani ndiyo mbovu. Nikamwita fundi wa mizani. Akaja, akaweka mawe yake ya kupimia, mizani ikawa haina kosa lolote. Akaenda. Foleni ikawa imefika barabarani, watu wamekaa juu ya magunia juani, na mzee yuko pale pale kwenye benchi.

Jioni ndipo nilipopandisha skrini juu na kuona maneno ambayo GDB ilikuwa imeyachapa tangu asubuhi, mara ya kwanza tu nilipoandika `list`: *Source file is more recent than executable.* Faili la msimbo ni jipya kuliko programu.

Mwenzangu alikuwa ameliona kosa lile usiku wa kuamkia siku hiyo. Programu ya zamani ilitoa uzito wa gunia mara mbili, mara moja ndani ya fankisheni na mara nyingine pale ilipoitwa. Alilirekebisha kwenye faili, akachoka, akalala kabla ya kukompaili. Kwa hiyo mimi siku nzima nilikuwa nikisoma msimbo uliokwisha kuponywa, huku inayoendeshwa ikiwa ile ile yenye ugonjwa. Hati ilikuwa ya kiwanja cha jana, nami nikawa natembea juu ya nyumba iliyojengwa usiku.

Tulikompaili upya kwa muda mfupi sana. Stakabadhi za siku zilizotangulia tulizirudia moja moja kwa mkono, kwa siku mbili, na ya mzee yule ndiyo tuliyoanza nayo. Wapo waliokwisha kurudi vijijini, ikabidi wafuatwe.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mombasa, kabla hujauamini mstari wa 88 utakaoletewa, fanya haya. Muulize mwenzio programu ile ilitokana na toleo lipi la msimbo, akutolee toleo hilo hilo, si la leo. Kama mnatumia Git, inayotunza matoleo ya msimbo, anaweza kulirudia bila taabu. Ukishauweka msimbo kwenye seva, soma kila onyo GDB inalochapa unapoandika `list` kwa mara ya kwanza. Lakini usitegemee onyo peke yake. Linalinganisha tarehe za mafaili tu, na faili likinakiliwa tarehe yake huweza kubadilika, kwa hiyo onyo laweza kuja pasipo sababu au likakosekana panapo sababu. Kipimo cha kweli ni macho yako: weka kituo kwenye fankisheni unayoijua, andika `next` mara tano, uone kama mistari inayopita ina maana. Ikisimama kwenye mstari mtupu, au kwenye maelezo, au kwenye mabano ya kufunga pasipotarajiwa, faili si lake.

Na ukiwa kwenye mashine yako mwenyewe, jizoeze kuandika `make`, amri ya kukompaili upya, humo humo ndani ya GDB kabla ya `run`. GDB itagundua kwamba programu imebadilika na itaisoma upya.

SWALI. Habari za kazi mwalimu. Nikitumia `next`, inatoka mstari wa 31 inaenda 35, inarudi 32, kisha 35 tena. Nikichapa kigeu naambiwa *optimized out*. Nimehakiki, msimbo na programu ni vya siku moja. — Msomaji, Arusha

JIBU. Nzuri, na ahsante kwa kuhakiki kwanza. Wewe umekompaili kwa -O2. Kompaila imepewa ruhusa ya kuipanga kazi upya ili iende haraka, kwa hiyo amri za mstari mmoja zimechanganywa na za mwingine, na vigeu vingine havina tena mahali pa kukaa. Jedwali linasema kweli, ila kweli yenyewe ndiyo imepindapinda. Kompaili kwa -g pamoja na -O0, isiyopanga kazi upya, unapotafuta kosa, au -Og ambayo ipo kwenye GCC tangu toleo la 4.8 la mwaka 2013. Kosa likipotea ukiondoa -O2, usifurahi. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuna kigeu hukukipa thamani ya mwanzo, au umeandika nje ya mipaka ya safu. Anza kutafuta huko.

SWALI. Mwalimu, amani iwe kwako. Niko Bujumbura, natumia Python, si C. Nimeweka `breakpoint()` kwenye programu yangu ya bei za mchele. Ndani yake nina orodha inayoitwa l. Nikiandika `l` nione bei, naletewa mistari ya msimbo. Nimejaribu mara nyingi. Je, orodha yangu imefutika? — Msomaji, Bujumbura

JIBU. Amani kwako pia. Orodha yako ipo salama. Ukifika `breakpoint()`, unaingia kwenye debaga ya Python iitwayo pdb, nayo ina amri zake fupi kama GDB. Herufi `l` ni `list`. Debaga inaangalia kwanza kama ulichoandika ni amri yake, na kikiwa ni amri haikiulizi kigeu chako. Andika `p l`, maana yake chapa l, au tanguliza alama ya mshangao: `!l`. Utaziona bei zako. Hali hiyo hiyo itakukuta kwa vigeu vyenye majina n, s, c na b.

Kwa kuwa umeshafika huko, jua tofauti ndogo mbili na GDB. Hapa `l` inakuletea mistari 11, na ule unaosubiri kutekelezwa una mshale kando yake, jambo ambalo `list` ya GDB haikufanyii. Ukipotea, `l .` inakurudisha kwenye mshale. Na ipo `ll`, herufi mbili, iliyoongezwa kwenye Python 3.2: inaonyesha fankisheni nzima uliyomo, iwe mistari minane au themanini. Mimi kwenye Python siku hizi naanza na hiyo, kwa sababu kosa na chanzo chake mara nyingi havikai ndani ya mistari 11 ile ile.

Niliyomwandikia ndugu wa Mombasa yanakuhusu pia. Python nayo huisoma mistari kutoka faili la diski. Ukihariri faili huku programu imesimama, kinachoendeshwa ni kile kilichopakiwa mwanzo, lakini `l` yaweza kukuonyesha kipya. Ukishahariri, toka kwa `q` na uanze upya.

Na hiyo orodha, ikiwezekana leo kabla hujalala, ipe jina la bei.